Mwache binti mwenyewe apatane na dereva

Kina mama, kina dada na walimu mnaojitolea kulea vikundi vya wasichana hapa Moshi, iwe Girl Guides, klabu ya shule au vijana wa usharika: wapeni mabinti jambo la kweli la kuamua, lenye pesa na watu wazima ndani yake. Kumpa binti cheo cha mwenyekiti, halafu nauli, ratiba na chakula mkapanga ninyi, hakumjengi.

Chukua safari ya maporomoko ya Materuni. Wasichana wachague mratibu na mweka hazina wao, wapige hesabu ya nauli na chakula, wapatane na dereva wa Hiace, waandike barua ya ruhusa kwa wazazi. Usalama ni wako: kagua gari, jua nani anawapokea, hakikisha wazazi wameridhia. Hapo usilegeze hata kidogo. Mengine kaa pembeni. Dereva akikugeukia wewe kwa kuwa ndiye mtu mzima (na atakugeukia tu), mwambie, "Kiongozi ni huyu, ongea naye." Binti anayasikia maneno hayo mbele ya wenzake, na dereva naye anayasikia.

Kwenye kikao, ongea wa mwisho. Girl Guides, walioanza Uingereza mwaka 1910, hugawa wasichana katika vikundi vidogo vyenye kiongozi wao wenyewe. Sita hadi wanane wanatosha. Uongozi upokezanwe kila muhula, maana yule mkimya wa nyuma hajitokezi mpaka nafasi iachwe wazi.