Kupima E. coli kwenye maji ya kisima kwa bayosensa, majibu siku hiyo hiyo

Mwongozo huu nawaandikia mafundi maabara wanaopima E. coli, bakteria wa kinyesi, kwenye maji ya vijiji vya Bahi, Chamwino na Kongwa, mkoani Dodoma. Kipimo cha kuotesha, yaani kuwakuza bakteria maabara hadi waonekane, hutoa majibu baada ya saa 18 hadi 24, na muda wote huo watu wanaendelea kuchota. Bayosensa, kifaa kinachotambua bakteria kwa umeme, inakupa jibu la awali kabla ya magharibi, mradi sampuli imeandaliwa vizuri.

Ninayoieleza hapa ni ya elektrodi (vipande vinavyopitisha umeme) zilizopakwa kingamwili, protini zinazonasa E. coli. Bakteria wakinaswa wanazuia umeme, ukinzani unapanda, na mashine inausoma.

Hatua ya 1: Sampuli. Acha bomba litiririke dakika 2 au 3, kisha pangusa mdomo wake kwa spiriti. Kinga maji kwenye chupa iliyotakaswa yenye sodiamu thayosalfeti, ambayo huzima klorini. Chupa usiisuuze, utamwaga dawa. Iweke kwenye boksi la barafu, ifike maabara ndani ya saa 6.

Maji ya visima vinavyochimbwa kwenye mchanga wa makorongo huwa na tope na huziba chujio. Usiyaache yatuame ukachukua ya juu tu, kwani bakteria wengi hushikamana na chembe za udongo. Yagawe kwenye chujio mbili au tatu.

Hatua ya 2: Chuja, kisha otesha kidogo. Hapa ndipo wengi wanaruka, na ndipo kipimo kinapoharibika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka E. coli asionekane kabisa katika mililita 100 za maji ya kunywa, ilhali sensa nyingi za aina hii huhitaji mamia au maelfu ya bakteria kwa kila mililita. Ukidondoshea maji ya kisima moja kwa moja kwenye elektrodi, "hakuna" utakayoisoma haina maana yoyote.

Pitisha mililita 100 kwenye chujio la mikromita 0.45, litumbukize kwenye mililita 10 za brothi (mchuzi wa kulishia bakteria), tikisa vizuri, weka inkubeta (kabati la joto) nyuzi 37 kwa saa 6. Bakteria akigawanyika kila dakika 20, baada ya vizazi 15 mmoja amekuwa zaidi ya 32,000. Kabla ya kuweka inkubeta, toa brothi kidogo uihifadhi kwenye barafu. Kingamwili hunasa hata bakteria aliyeuawa na klorini. Ila aliye hai tu ndiye anayeongezeka. Kwa hiyo linganisha usomaji wa mwanzo, wa brothi ya kwenye barafu, na wa mwisho, wa brothi iliyotoka inkubeta.

Hatua ya 3: Ondoa chumvi. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, na chumvi hupitisha umeme. Dondoshea brothi kwenye elektrodi, subiri muda alioelekeza mtengenezaji, kisha suuza mara tatu kwa bafa ya fosfeti, kimiminika cha kusuuzia kisichobadilika uasidi kirahisi. Soma ukinzani ndani ya kimiminika kile kile kwa sampuli zote.

Hatua ya 4: Vidhibiti, yaani sampuli ambazo jibu lake unalijua. Kila siku ya kazi pima brothi yenye E. coli wa maabara asiye na madhara, pamoja na maji ya kisima hicho hicho yaliyopitishwa chujio la mikromita 0.22 ili yasiwe na bakteria, kisha kufuata hatua zote. Mimi naona hayo ni bora kuliko maji yaliyotoneshwa, maana yana chumvi ile ile. Yakisoma juu, tupilia mbali matokeo ya siku hiyo.

Hatua ya 5: Jibu likiwa chanya. E. coli ni dalili kwamba kinyesi kimefikia maji, hata kama yeye mwenyewe si wa kuleta ugonjwa. Wapigie viongozi wa jumuiya ya watumia maji jioni hiyo hiyo, watu wachemshe maji ya kunywa, na wewe chukua sampuli nyingine uioteshe kwa njia ya kawaida kuthibitisha.

Brothi iliyotoka inkubeta usiimwage kwenye sinki ikiwa hai. Ichanganye na dawa ya klorini, iache angalau dakika 30, elektrodi zilizotumika humo humo, ndipo uvue glavu.