Kujiundia Sinclair ZX80 Unguja: umeme kwanza, chipu baadaye

ZX80, kompyuta ndogo ya nyumbani, ilitoka Uingereza mwaka 1980, na iliuzwa pia kama vipande vya kujiungia mwenyewe kwa pauni 79.95. Inaigika mpaka leo kwa sababu haina chipu iliyotengenezwa kwa ajili yake peke yake: ni prosesa ya Z80A, ROM (kumbukumbu ya kudumu) ya KB 4, RAM (kumbukumbu ya muda) ya KB 1 (chipu mbili za 2114) na chipu za kawaida za mantiki za 74LS.

1. Bodi. Agiza bodi iliyokwisha chapwa. Risasi ya kulehemu, rezista na daiodi utazipata kwa wauzaji wa vifaa vya redio mjini. Z80 na 2114 huwa za kuagiza. Chipu za zamani zikija na miguu iliyofifia, isugue kwa kifutio cha penseli, kisha pitisha spiriti. Tumia soketi zenye matundu ya duara. Zile za bei rahisi, kwa hewa yetu ya chumvi, hulegea na kushika kutu, nawe utahangaika kutafuta kosa kwenye chipu isiyo mbovu.

2. Umeme. Lehemu tundu la adapta, 7805 (kidhibiti kinachoshusha umeme hadi 5 V) na kapasita zake. Soketi zote ziwe tupu. Adapta iwe ya 9 V DC, 1 A. Ile ya 12 V ya kamera au ya sola iache ilipo: mashine ikivuta 0.4 A, kwa 9 V ile 7805 hutoa 1.6 W za joto, kwa 12 V ni 2.8 W, na joto la kaskazi bado hujalihesabu. Bati la kupoozea ni lazima.

Sasa pima volti kati ya pini ya 5 V na ya ardhini. Z80: pini 11 na 29. 2114: 18 na 9. 74LS za pini 14: 14 na 7, isipokuwa 74LS93: 5 na 10. Usichomeke chochote mpaka kila soketi isome kati ya 4.75 na 5.25 V.

3. Mapigo (ya kuendeshea prosesa). Chomeka 74LS tu. Kristali ya 6.5 MHz hugawanywa kwa mbili, kwa hiyo pini 6 ya Z80 ipate 3.25 MHz. Mita isiyopima Hz itaonesha karibu nusu ya volti 5. Ikiganda kwenye 0 au 5, hakuna mapigo.

4. ROM. Hapa ndipo wengi hukwama. Chipu za ROM 2732 na 2532 zote ni za KB 4, zote pini 24, lakini A11 (laini ya anwani) ya 2732 iko pini 21 na ya 2532 iko pini 18. Soma mchoro wa bodi yako kabla ya kununua.

5. Vitufe. Ni 40, pamoja na daiodi nane za 1N4148. Mstari mweusi uelekee Z80. Vitufe vitano jirani vikifa pamoja, daiodi yao imegeuzwa.

6. Picha. Iruke modyuleta (inayopeleka picha kwenye tundu la antena la TV): tumia transista ya BC547, kolekta kwenye 5 V, besi kwenye ishara ya picha, emita kwenye tundu la njano la video na rezista ya 100 Ω kwenda ardhini. Picha ikiwa giza kwenye TV bapa, ongeza mwangaza. Ishara ya ZX80 haina kile kipande cha weusi ambacho TV za sasa hukitegemea.

Ukiona K nyeupe ndani ya kisanduku cheusi, chini kushoto, imewaka. Andika 10, bonyeza O (itatokea PRINT), 7/2, NEWLINE (ndiyo Enter yake), kisha R (RUN) na NEWLINE. Jibu ni 3, maana BASIC, lugha yake ya programu, haijui desimali. Na skrini kupotea kila ukigusa kitufe si kosa lako: Z80 hiyohiyo ndiyo inayochora picha, ikishughulika na kitufe huacha kuchora.