Jumamosi ya Sidney Poitier: namna ya kuiandaa uani

Kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu zaidi na tarehe 20 Februari, natundika shuka jeupe kwenye ukuta wa nyumba yangu hapa Buruburu na kuwaita majirani tumtazame Sidney Poitier, yule mwigizaji mweusi wa filamu za Marekani. Nilianza nilipostaafu ualimu. Wengi wamenijia wakitaka kufanya vivyo hivyo mitaani kwao, na nimeona heri niyaandike yote, hata lile lililoniuma.

Tarehe hiyo ndiyo aliyozaliwa, mwaka 1927, mjini Miami. Wazazi wake walikuwa wakulima wa nyanya kutoka Bahamas, na walikuwa wamevuka kwenda kuuza mavuno pale alipozaliwa kabla ya wakati wake. Walirudi naye kwao Cat Island, kisiwa kimoja cha Bahamas, akakulia huko. Februari inatufaa sana sisi wa Nairobi: masika hayajaanza, baridi ya Julai iko mbali, na jua huzama kabla ya saa moja. Anza saa moja na robo, usianze mapema zaidi. Filamu zake nyingi za mwanzo si za rangi, na mwanga kidogo tu wa angani ukilipata lile shuka, uso wake hufifia. Kwa Poitier, uso ndio kila kitu. Ana namna ya kunyamaza huku taya limekaza, na mtu wa kiti cha nyuma kabisa anapaswa kuiona.

Chagua filamu moja. Usishawishike kuonyesha mbili. Watoto hulala, akina mama hukumbuka wameacha jiko, na ya pili huonekana na watu wanne.

Kwa mara ya kwanza nakushauri Lilies of the Field ya mwaka 1963. Ni dakika 94 tu. Poitier ni Homer Smith, fundi msafiri ambaye gari lake linamsimamisha kwa watawa wa Kijerumani huko Arizona. Mtawa mkuu anaamini Mungu amemleta awajengee kanisa, na hana pesa ya kumlipa. Mtaani kwetu kila mtu anamjua fundi aliyewahi kufanyishwa kazi bila malipo, kwa hiyo mabishano huanza filamu ikiwa katikati. Waache wabishane. Kwa filamu hiyo, mwezi Aprili 1964, Poitier alipata tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora, mwanamume mweusi wa kwanza kuipata. Wimbo wa Amen utakapofika, ongeza sauti kidogo, maana wataimba. Sauti inayoimba pale si yake. Ni ya Jester Hairston, kwa kuwa Poitier hakuwa na sikio la muziki. Hilo waambie baadaye, si kabla.

Ikiwa ploti yako ina vijana wengi wa sekondari, chukua To Sir, with Love ya 1967, ambamo ni mwalimu mgeni katika darasa la watundu mashariki mwa London. Kwa watu wazima, In the Heat of the Night ya mwaka huohuo: yeye ni mpelelezi Virgil Tibbs, anapigwa kofi na tajiri mzungu wa Mississippi, na papo hapo anamrudishia. Kwangu kofi hilo halijawahi kupita kimya.

Sasa nije kwenye lile lililoniuma. Mwaka wangu wa kwanza nilichagua Something of Value, ya 1957. Nilidhani hakuna bora kuliko hiyo: sehemu yake ilipigwa huku Kenya, inahusu vita vya Mau Mau, na Poitier ni Kimani, kijana wa Kikuyu aliyekua pamoja na mtoto wa mzungu mwenye shamba, anayeigizwa na Rock Hudson. Sikumwambia mtu lolote kabla. Watu walipofika mahali pa kula kiapo, mzee mmoja jirani yetu, aliyewekwa kizuizini Manyani akiwa kijana, aliinuka, akachukua fimbo yake na kwenda kusimama langoni. Nilimfuata. Hakukasirika. Alisema tu, "Mwalimu, hao waliotengeneza hawakutuuliza." Tulisimama pale na soja hadi filamu ikaisha.

Sijaiacha filamu hiyo. Nimeionyesha tena mara mbili, na Poitier ndani yake ni wa ajabu: mahali ambapo hadithi inataka tumwogope Kimani, yeye anatufanya tuione aibu aliyotendewa. Lakini sasa naiandaa hivi. Wiki moja kabla, nawapitia wazee nyumbani kwao, nawaeleza kilichomo, nawaambia kimetazamwa kwa jicho la nani. Siku yenyewe viti vyao nawawekea pembeni, karibu na njia, ili anayetaka kutoka asikanyage watu. Na filamu ikiisha, wao ndio wa kwanza kusema. Yule mzee alikuja mara ya pili, akakaa hadi mwisho, akazungumza karibu saa nzima. Vijana waliokuwa wakichezea simu waliziweka mfukoni.

Kabla ya filamu yoyote, sema maneno ya dakika tano. Mimi husema mambo mawili. La kwanza ni la watoto. Poitier alifika New York akiwa kijana asiyejua kusoma vizuri. Alikwenda kujaribiwa katika American Negro Theatre, kundi la maigizo la watu weusi, akafukuzwa kwa sababu ya usomaji wake na lafudhi yake ya visiwani. Akanunua redio, akawa anawaiga watangazaji. Akiwa muosha vyombo hotelini, mhudumu mmoja mzee, Myahudi, alikaa naye usiku baada ya usiku wakisoma gazeti pamoja. Nimefundisha watoto wa miaka kumi na miwili ambao herufi zilikuwa bado zinawapiga chenga, na kila nilipowasimulia hili waliinua vichwa. Ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kumpenda mtu huyu, kabla hata ya filamu zake.

La pili ni la Wakenya. Mwanasiasa wetu Tom Mboya alipokuwa akitafuta pesa za kuwapeleka vijana wetu kusoma Marekani, Poitier alitia saini barua ya kuomba michango pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson. Ndege ya Septemba 1959 ilibeba wanafunzi 81. Ukilisema hili Eastlands, mara nyingi kuna mtu ambaye mjomba wake au mwalimu wake alisomeshwa kwa safari zile.

Vyombo ni rahisi. Projekta unaweza kukodi au kuazima kanisani. Ukitaka kununua, zunguka Luthuli Avenue na ujaribu kabla ya kulipa. Shuka lipigwe pasi, na nyuma yake weka kitambaa cheusi ikiwa ukuta ni wa rangi. Lifunge na chini pia, la sivyo upepo utamfanya Poitier acheze. Sabufa ya sebuleni inatosha, lakini punguza besi kabisa: filamu hizi ni za maneno, na besi huyameza. Spika iwe chini ya shuka, si kando ya projekta. Washa maandishi ya chini, maana yanawasaidia wenye masikio mazito. Na nunua tokeni za stima mchana. Tokeni zikiisha Homer Smith akiwa juu ya paa la kanisa, hakuna atakayekusamehe.

Kwa wasiojua Kiingereza, usimsimamishe mtu mbele apige kelele kama kwenye vibanda vya video. Mtindo ule una raha yake, ila hapa unaziba zile nyamazo za Poitier. Mimi huwakalisha mashosho, yaani akina bibi, safu moja na binti mmoja katikati yao, anawanong'onezea. Kazi hiyo inataka mtu anayejua kufupisha.

Bisi na njugu ziwe kwenye mabakuli, maana karatasi za nailoni zina kelele. Chai ikae kwenye chupa, itolewe filamu ikiisha. Chai ndiyo inayowazuia watu wasiondoke, na mazungumzo ya baadaye ni nusu ya sherehe.

Usitoze kiingilio. Nunua nakala halali, waalike jirani zako nyumbani, basi. Ukitaka ukumbi na tiketi, hilo ni onyesho la umma: unahitaji ruhusa ya mwenye filamu na uende kwa Bodi ya Uainishaji Filamu. Shughulikia hayo miezi kadhaa mapema.

Poitier alifariki tarehe 6 Januari 2022. Februari ile watu walikuja wengi kuliko miaka yote, baadhi wakiwa wamevaa suti, na mimi nilivaa kitambaa cheusi kichwani.

Tarehe 20 Februari 2027 ni miaka 100 tangu azaliwe, na imeangukia Jumamosi yenyewe. Kwangu itakuwa Lilies of the Field. Ukipanga ya kwako, weka oda ya viti mapema, kwa sababu Jumamosi za Februari viti vyote vya mtaa huwa vimekwenda harusini.