Jinsi ya kuukagua mkataba wa kazi za nyumbani kabla ya kusafiri kwenda Qatar

Wengi huwekeshwa saini uwanja wa ndege, wakala amesimama pembeni anawaharakisha, na hapo ndipo haki zao zinapopotea. Udai mkataba muda ungalipo, na usikubali ulioandikwa kwa Kiarabu peke yake.

Kwanza mhakiki wakala mwenyewe: Kenya, jina la kampuni yake liwemo katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, Tanzania, ulizia TaESA, taasisi ya serikali ya huduma za ajira.

Ukishaupata mkataba, tazama mshahara. Tangu Machi 2021 kima cha chini nchini Qatar ni riyali 1,000 kwa mwezi, na wafanyakazi wa nyumbani wamo. Mwajiri asiyetoa malazi huongeza 500, na asiyetoa chakula 300. Kwa hiyo wewe utakayelala na kula nyumbani kwake, hupaswi kukatwa chochote katika zile 1,000 kwa ajili ya ugali wala kitanda. Vilevile Sheria namba 15 ya mwaka 2017 inamkataza mwajiri kukata mshahara ili kufidia gharama za kukuleta, hata kama wakala ameliita kato hilo mkopo wa tiketi.

Kipengele cha saa za kazi kisome mara mbili. Sheria hiyo inaweka kikomo cha saa 10 kwa siku, lakini inaongeza maneno "isipokuwa pande mbili zikikubaliana vinginevyo", na maneno hayo machache ndiyo yanayomwamsha mtu saa kumi alfajiri na kumlaza saa sita usiku. Ukikuta kifungu kinachokubali saa zaidi, omba kifutwe kabla hujaweka saini. Siku moja ya mapumziko kila wiki, yenye malipo, iandikwe bayana.

Pasipoti ni yako, na mwajiri haruhusiwi kuishikilia. Tangu Septemba 2020, unaweza kubadili mwajiri bila barua ya ruhusa yake, mradi utoe notisi kupitia Wizara ya Kazi.

Piga picha kila ukurasa wa mkataba na wa pasipoti, umtumie ndugu unayemwamini. Nunua daftari dogo la kuandikia saa ulizofanya kazi na fedha ulizopokea, tarehe kwa tarehe. Mkubaliane siku ya kupigiana simu. Zikipita wiki mbili kimya, aende na nakala hizo kwa wakala na kwenye mamlaka ya ajira.