Namna ya Kulichambua Neno "Mshikamano"

Anayetaka kulielewa neno mshikamano, hasa linapotajwa pamoja na harakati za ukombozi, aanze na mzizi wake, shik-, ambao ni ule ule wa kitenzi shika. Aongeze kiambishi -am-, kinachodokeza hali ya kukaa vilevile, kisha -an- cha kutendana, apate shikamana, yaani kushikana bila kuachiana. Kiambishi awali m- na irabu ya mwisho -o hukigeuza kitenzi hicho kuwa nomino. (Harakati, kinyume chake, lina asili ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno haraka.)

Baada ya hapo, alipime neno katika historia. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyoundwa mwaka 1963 na kuwa na makao yake Dar es Salaam, ilielekeza misaada kwa wapigania uhuru wa nchi kama Msumbiji na Angola. Huo ndio mshikamano, wala usichanganywe na huruma, kwani mwenye huruma aweza kubaki pembeni, ilhali anayeshikamana na wenzake hubeba sehemu ya mzigo wao.