Somo: Kupanda njia ya chuma juu ya Ziwa Garda, hatua kwa hatua

Wadau, salaam. Tangu niweke zile picha za ngazi iliyosimama ukutani juu ya maji ya bluu, watu wananiuliza mambo yaleyale: ni wapi, inapandwaje, na je, mtu ambaye hajawahi kugusa kamba anaweza? Leo naandika somo zima. Maswali nitayajibu mwishoni.

Kabla ya kuja Italia nilikuwa fundi wa minara ya simu, Singida na Dodoma, miaka sita. Kule mtu wa kwanza kunifundisha alinipa sheria moja kabla hata ya kunipa spana: una ndoano mbili, moja isitoke mpaka nyingine imeshika. Nilipofika huku milimani nikakuta sheria ni hiyohiyo. Ndiyo maana nasema fundi mnara, fundi wa nguzo za umeme na hata mkwezi wa minazi wanaanza somo hili wakiwa tayari darasa la tatu.

Via ferrata ni Kiitaliano, maana yake njia ya chuma. Ni kebo nene iliyofungwa kwenye mwamba kwa pini kila baada ya mita chache, na pale ambapo mwamba hauna pa kuweka mguu wameongeza vidato vya chuma au ngazi. Katika Milima ya Alps vyuma vya namna hii vilianza zamani. Mlima Dachstein huko Austria uliwekewa mwaka 1843. Lakini vilienea hasa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, askari walipolazimika kupandisha mizigo na bunduki kwenye majabali. Kaskazini mwa Garda palikuwa mstari wa mbele. Mji wa Riva ulikuwa upande wa Austria hadi 1918, na mpaka sasa ukipanda vilele vya Cima Capi au Cima Rocca unapita kwenye mahandaki yao, giza tupu, hadi uwashe taa ya kichwani.

Ziwa lenyewe ndilo kubwa kuliko yote Italia, kama kilomita za mraba 370, na kina chake kinafika mita 346. Uso wa maji uko mita 65 tu juu ya bahari. Waliopanda Kilimanjaro wasikilize hapa: huku hewa haipungui, hakuna kichwa kuuma wala kutapika. Kinachokumaliza ni joto, na ukuta unaoanza palepale majini.

Hatua ya kwanza: chagua njia ya kiwango chako

Njia hupimwa kwa herufi, A ikiwa rahisi na E ngumu kabisa. Anza Arco, kilomita chache kutoka Riva, kwenye jabali la Colodri. Ni fupi, haifiki juu sana, na ukimaliza unashuka kwa miguu kupitia mizeituni. Baada ya hapo nenda Cima Capi, mita 909, kwa njia ya Fausto Susatti. Ya tatu ndiyo ile ya pichani, Via dell'Amicizia, Njia ya Urafiki, inayokwenda Cima SAT. Kilele kimepewa jina la chama cha wapanda milima wa Trento, SAT, kilichoanzishwa 1872. Kwa ugumu wa mikono, njia hiyo ni A na B tu. Ugumu wake ni urefu: unapanda zaidi ya mita 1,100 kutoka mjini, na siku nzima inakwisha huko.

Tafadhali usianze na njia iitwayo Che Guevara, ya mlima Monte Casale, kwa sababu tu umelipenda jina. Ukuta ule ni mrefu mno, na ukichoka katikati hakuna pa kutokea.

Siku moja kabla, pita ofisi ya utalii uulize kama njia iko wazi. Mawe yakiporomoka, halmashauri huifunga.

Hatua ya pili: vifaa, na hapa nitakawia

Unahitaji helmeti, mkanda wa kupandia (ule wa kuzunguka kiuno na mapaja), glavu za ngozi zilizokatwa vidole, viatu vyenye soli ngumu, na kamba ya matawi mawili yenye karabina mbili, yaani ndoano za chuma zenye mlango unaojifunga. Kamba hiyo ndiyo roho yako. Katikati yake kuna kifuko kidogo, na ndani ya kifuko kuna utepe uliokunjwa na kushonwa. Ukianguka, mishono inafumuka mmoja baada ya mwingine na kula nguvu ya anguko. Kamba ya kawaida haifanyi hivyo. Usijifunge kwa kamba yoyote ya kienyeji hata ikiwa nene kama ya jahazi.

Kwa nini? Fanya hesabu. Umesimama mita 3 juu ya pini ya mwisho. Mguu unateleza. Karabina zinateleza kwenye kebo nawe mpaka zigonge pini, kisha unaendelea kushuka mpaka kamba yako ikazike. Hizo ni mita nne au tano, na njiani kuna vidato vya chuma. Utepe utafumuka na utabaki hai, lakini goti au kifundo cha mguu huenda kisibaki. Nawaomba mlishike hili kuliko yote: kwenye ukumbi wa mazoezi ya kupanda watu wanaanguka mara ishirini kwa siku wakicheka. Kwenye njia ya chuma hakuna kuanguka. Mkanda unaokoa uhai, hauokoi mifupa.

Usinunue kamba ya mtumba. Mwaka 2012 mtu alifariki Austria baada ya kamba yake kukatika, na watengenezaji kadhaa wakarudisha kiwandani aina walizokuwa wameuza. Nyingine bado zimelala kwenye magereji ya watu. Huwezi kujua kama ile ya mtandaoni ilishawahi kuangukiwa. Riva na Arco kuna maduka yanayokodisha seti nzima kwa siku. Kodi hapo, na ufungue kifuko kwa zipu uone utepe umekunjwa vizuri na hakuna mshono uliofumuka. Kwenye lebo tafuta EN 958 ya 2017, ndicho kiwango cha Ulaya cha usalama wa kamba hizi.

Kufunga ni rahisi. Pitisha kitanzi cha kamba ndani ya pete ya mbele ya mkanda, kisha pitisha kamba nzima, pamoja na karabina zake, ndani ya kitanzi hicho, kaza. Ongeza kipande kifupi cha tatu chenye karabina yake, cha kupumzikia. Bei yake ni ndogo, nami bila hicho siendi.

Hatua ya tatu: fundisha mikono chini, kabla ya ukuta

Tafuta kebo ya chini kabisa, futi moja kutoka ardhini, ufanye hivi mara hamsini. Umefika kwenye pini. Mkono wa kushoto unashika chuma. Mkono wa kulia unabana karabina ya kwanza, kiganja kinasukuma mgongo wake, dole gumba linavuta mlango. Unaitoa na kuivisha upande wa pili wa pini. Sikiliza: tik. Ndipo unagusa ya pili. Tik. Ndipo unainua mguu. Usitoe zote mbili pamoja, hata kama pini iko kwenye sakafu pana na unaona aibu kwa walio nyuma yako. Mkono unaozoea kuzembea pahali salama utazembea na pahali pabaya.

Na kati ya pini mbili awepo mtu mmoja tu. Aliye juu yako akiteleza, atakuja mpaka kwenye pini iliyo kichwani pako, na kichwa chako kitakuwa njiani. Subiri mpaka aseme amepita.

Hatua ya nne: toka mapema

Garda ina pepo mbili ambazo kila mvuvi anazijua. Asubuhi unavuma Pelér kutoka kaskazini, mchana unageuka Ora kutoka kusini. Ukuta wa Njia ya Urafiki unatazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linaupiga usoni. Mwezi wa Julai na Agosti chuma kinawaka moto. Mimi huanza saa kumi na moja na nusu alfajiri, lita tatu za maji mgongoni. Unapita Bastione, mnara wa mviringo ulioachwa na Waveneti, watu wa Venezia, kisha msitu, kisha kibanda cha Santa Barbara. Usitegemee maji pale, hakifunguliwi kila siku. Juu kidogo kuna kikanisa cheupe unachokiona kutoka mjini kote.

Kingine kinachokutoa mapema ni radi. Kiangazi mawingu hujikusanya mchana. Kebo ni chuma kilichotandazwa mlima mzima. Ukisikia ngurumo ya kwanza ungali kibandani, geuka. Ukiwa ukutani, sogea penye nafasi pana mbali na kebo, keti juu ya begi, miguu pamoja. Namba ya msaada ni 112. Helikopta ikikukuta, mikono miwili juu ni kusema ndiyo, nahitaji msaada.

Hatua ya tano: ngazi

Kuna ngazi kadhaa, na iliyo ndefu kuliko zote ina karibu mita 70. Hii ndiyo ya pichani. Chini yako paa za Riva, na mashua za tanga kama punje za mchele juu ya kaniki.

Mara yangu ya kwanza niliipanda vibaya. Mimi, mtu wa minara! Nilikuwa nimeshika vidato kwa mikono iliyokunjwa, kifua kimebana ngazi, kwa woga wa upepo wa ziwa ambao sikuuzoea. Kufika katikati mikono ikajaa, vidole vikaanza kufunguka vyenyewe. Mama mmoja wa Kiitaliano, mvi tupu, alikuwa anasubiri chini kwenye pini yake. Hakunipigia kelele. Alisema taratibu, "Mikono nyoosha. Karabina fupi. Pumzika." Nikavisha kile kipande cha tatu kwenye kidato, nikaegemea nyuma, nikatikisa mikono mmoja mmoja mpaka damu ikarudi. Dakika tano. Alisubiri zote.

Basi nanyi: mikono iwe imenyooka, uzito uwe miguuni, kiuno karibu na ngazi. Hesabu vidato kumi, vuta pumzi, endelea. Macho yako yawe kwenye pini inayofuata.

Hatua ya sita: kushuka

Mpanda ngazi hushuka, ila huku hashukii ngazi ileile. Kuna watu nyuma yako. Kutoka Cima SAT unashuka kwa njia ya miguu ya msituni, fuata alama nyekundu na nyeupe. Ni ndefu, ina kokoto zinazoteleza, na magoti yamechoka. Usivue helmeti mpaka umetoka chini ya majabali. Weka saa sita au saba kwa safari nzima, na zaidi kama ni mara ya kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali kutoka München: Kaka, asante kwa somo. Mwanangu ana miaka tisa na kilo 29. Colodri ataweza?

Jibu: Kwa miguu ataweza, wala sina shaka naye. Shida ni ule utepe. Kiwango cha 2017 kimewekwa kwa mtu wa kilo 40 hadi 120. Aliye chini ya 40 ni mwepesi mno, mishono haitafumuka ipasavyo na mshtuko wote utamwingia mwilini. Mtoto huyo lazima awe pia kwenye kamba ya mtu mzima aliye juu yake, anayejua kushikilia. Kama wewe hujui, chukua kiongozi wa milima mwenye leseni. Na watu wazima wanaozidi kilo 120 pamoja na begi, nanyi ongeeni na kiongozi kwanza.

Swali kutoka Birmingham: Mimi navaa hijabu. Kuna tatizo na helmeti?

Jibu: Hakuna, dada yangu, ila vaa ile ya kubana, kitambaa chembamba, bila pini kichwani. Ncha zote ziingie ndani ya blauzi. Nimeona skafu ikinaswa na mlango wa karabina, na mwenye skafu akalazimika kutumia mikono yote miwili kujinasua akiwa ukutani. Nywele ndefu na kamba za begi ni vilevile. Jaribu helmeti dukani ukiwa umeshavaa hijabu, si nyumbani.

Swali kutoka Nanyuki: Mwalimu, mbona unasifu ya Wazungu? Kwetu Point Lenana kuna vyuma pia.

Jibu: Kweli kabisa, na nashukuru umetaja. Lenana ni mita 4,985, na karibu na kilele kuna kebo na vidato. Hata ngazi za Garda ziwe ndefu vipi, haziko kwenye kimo hicho. Sheria ya karabina ni ileile, ila kule usiku kuna barafu juu ya chuma, na ubongo uliokosa hewa husahau tik ya pili. Mwenzako akuangalie, nawe umwangalie.

Swali kutoka Verona: Nikiogopa katikati ya ngazi naruhusiwa kurudi?

Jibu: Hakuna wa kukukataza, lakini itabidi kila aliye chini yako arudi kwanza. Amua pale chini ya ngazi ya kwanza. Ukisimama hapo na moyo ukakataa, rudi kibandani na hakuna atakayekuhesabia.

Swali lingine la huyohuyo: Jumamosi nipo huru. Naweza kuja na wewe Njia ya Urafiki?

Jibu: Njoo, ila tutakwenda Colodri kwanza. Saa moja asubuhi, Arco, chini ya jabali. Kodi seti Ijumaa jioni kabla maduka hayajafungwa, na uje na glavu.