ns-3: badilisha namba ya RngRun, mbegu iache

Kwa wenzangu wa Bukavu mnaoandaa TFC (kazi ya kumaliza masomo) kwa ns-3, programu ya kuigiza mitandao ya kompyuta: ukiendesha simulesheni ileile mara kumi, utapata majibu yaleyale, maana mbegu ya namba nasibu (namba inayoanzisha mfululizo wa namba za kubahatisha) imewekwa moja tangu mwanzo, na RngRun, yaani namba ya mwendesho, nayo haibadiliki yenyewe. Wastani wa hapo haupimi kitu. Andika ./ns3 run "programu-yako --RngRun=2", kisha 3, 4 na kuendelea; kila namba huchukua kipande chake cha mfululizo, kisichogongana na vingine. Kama msimbo wako hauna cmd.Parse (mstari unaosoma chaguo ulizoandika kwenye amri), namba hiyo haitasomwa; tanguliza NS_GLOBAL_VALUE="RngRun=2" mbele ya amri. Simulesheni isiyo na chochote cha kubahatisha haitabadilika hata ufanyeje. Na kila jibu lipe faili lake, umeme wetu mnaujua, hukatika ovyo.